Injini Inaunguruma, Loda Haisukumi: Mwongozo Kamili wa Kukagua Konveta Kabla ya Kushusha Gia Boksi

Malalamiko ni yale yale, yawe yametoka kwenye machimbo ya kokoto Boko au kwenye mchanga Kigamboni, hapa Dar. Loda imepoteza nguvu, fundi amesema konveta (kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi kwa kutumia oili) imekufa, gia boksi imeshushwa, konveta nyingine imesakwa kwenye maduka ya vipuri mtaa wa Gerezani, pesa imetoka. Baada ya muda mfupi mashine inafanya vile vile. Wapo waliobadilisha konveta mara mbili kwa tatizo lililokuwa kwenye kipozeo cha oili.

Konveta husingiziwa sana. Imejificha kati ya injini na gia boksi, haionekani, na dalili zake zinafanana na za klachi, za pampu, hata za breki iliyobana. Mwongozo huu una utaratibu mmoja: konveta inashushwa mwisho, baada ya oili, joto na presha kutoa majibu yake. Vipimo vyote vya mwanzo vinafanyika mashine ikiwa nzima, palepale saiti.

## Hakikisha kwanza mashine ina konveta

Usicheke. Eskaveta ya minyororo haina konveta. Inatembezwa na mota za haidroliki. Rola nyingi na buldoza ndogo za siku hizi nazo ni hivyo hivyo. Greda zimegawanyika: nyingi za Caterpillar za familia ya 140 injini inaingia moja kwa moja kwenye gia boksi, wakati baadhi ya greda za Komatsu zina konveta. Ukiambiwa "konveta ya eskaveta imekufa", muulize aliyekwambia ameionea wapi.

Utakayoikuta zaidi ni kwenye loda za magurudumu, bekholoda, buldoza kubwa na dampa za machimboni. Ndani kuna magurudumu matatu yenye mapanga: impela inayozungushwa na injini, tabaini inayozungusha gia boksi, na steta iliyo katikati, inayogeuza mkondo wa oili ili nguvu iongezeke mashine inapoanza kusukuma. Hakuna chuma kinachounganisha impela na tabaini. Kinachobeba nguvu ni oili peke yake, isipokuwa kwenye mashine zenye klachi ya kufunga konveta mwendo ukikolea. Ndiyo maana oili ikiharibika, ikipungua, ikiingia hewa au ikichemka, konveta nzima kabisa itaonekana mbovu.

## Vitu vya kuwa navyo

Usianze kabla hujakusanya hivi:

- Kitabu cha mashine yako yenyewe, modeli na namba ya gia boksi zikilingana. Namba hizi zimegongwa kwenye kibati ubavuni mwa gia boksi. Futa matope usome.
- Geji mbili za presha: moja ya 0 hadi 16 bar kwa ajili ya konveta, nyingine ya 0 hadi 40 au 60 bar kwa presha kuu ya gia boksi, pamoja na viunganishi vinavyoingia kwenye matundu ya kupimia.
- Kipimajoto cha mwanga cha kuelekeza kwa mkono.
- Kipima mizunguko ya injini, kama huna imani na geji ya dashibodi.
- Filta mpya, na oili ya aina iliyoandikwa kitabuni.
- Sumaku, kitambaa cheupe, bakuli safi, na msumeno au kikata filta.
- Vigingi vya magurudumu na pini ya kufunga kiungo cha katikati cha loda, pale inapojikunja ikikata kona.
- Daftari na kalamu.

Daftari ndilo linaloachwa mara nyingi kuliko vyote. Namba usipoiandika, kesho utabishana na opereta ilikuwa 12 au 14, na hapo upimaji wote umepotea.

Kuhusu oili niseme wazi: usinunue kwa rangi. Oili nyekundu ya gia boksi za magari madogo si oili ya buldoza. Mashine nyingi za Caterpillar na nyingine za aina hiyo zinataka oili ya daraja la TO-4, loda nyingi za Kichina zinataka oili yake maalumu ya transmisheni, na ndoo yenye jina kubwa lakini sili iliyokwisha kuguswa, iache hapohapo dukani.

## Hatua ya 1: Muulize opereta, halafu nyamaza

Opereta anaishi na mashine mchana kutwa. Usimwulize "konveta imekufa?", maana atakujibu ndiyo. Muulize: inakosa nguvu asubuhi ikiwa ya baridi au saa nane mchana? Mbele tu, au na rivasi? Inashindwa kuingia kwenye kifusi, au inashindwa kukimbia barabarani? Ilianza ghafla au imefifia taratibu? Kuna mtu aliongeza oili hivi karibuni, na oili gani?

Majibu haya yanapunguza kazi. Inayofanya vizuri ikiwa ya baridi na kulegea ikishapata moto inaelekeza kwenye presha inayovuja: pampu iliyochakaa au sili zilizolika, kwa sababu oili ya moto ni nyepesi na hupita kila penye mwanya. Inayokosa nguvu mbele tu na rivasi inavuta, hiyo karibu kila mara ni klachi ya mbele, yaani ile ya ndani ya gia boksi inayoshika mashine ikienda mbele. Konveta haijui mbele wala nyuma.

Umefaulu kama umeandika sentensi moja inayoeleza tatizo lini, gia gani, na mashine ikifanya nini.

## Hatua ya 2: Oili kabla ya spana

Egesha mashine pa tambarare, ndoo chini, hendibreki juu, gia nyutro. Iache injini kwenye sailensa (mizunguko ya chini, bila kukanyaga mafuta) mpaka oili ipate moto wa kazi, kisha pima kiwango injini ikiwa bado inaunguruma, isipokuwa kitabu chako kimeelekeza vingine. Ukizima, oili iliyokuwa ndani ya konveta na kwenye hosi inarudi chini, na dipstiki itakuonyesha imejaa wakati mashine ina kiu.

Kujaza kupita kiasi nako ni kosa. Gia zinaikoroga oili, inatoa povu, povu linapandisha joto. Nimesikia mara nyingi "nimeongeza lita tano ili iwe na nguvu". Nguvu haiongezwi hivyo.

Dondoshea matone machache kwenye kitambaa cheupe, uangalie kwenye mwanga wa jua:

Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji, na mara nyingi yametoka kwenye kipozeo kilichotoboka ndani. Fungua rejeta uangalie kama juu ya maji kuna oili. Ukikuta, usiendelee kuwasha mashine hata kwa dakika tano, kwa sababu maji hubandua vitambaa vya sahani za klachi.

Oili yenye povu inavuta hewa. Kama kiwango kiko sawa, tazama hosi ya kuvuta kati ya sampu (tangi la oili la chini ya gia boksi) na pampu. Hapa wengi hukosea: hosi hii haivuji oili nje, inavuta hewa ndani, kwa hiyo inakaa kavu na kuonekana nzima. Injini ikiwa kwenye sailensa, paka grisi nzito kuzunguka kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Mlio wa pampu ukibadilika ghafla, umekipata.

Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inaeleza kwamba sahani za klachi zimekuwa zikiteleza. Konveta inaweza kuwa nzima kabisa.

## Hatua ya 3: Pasua filta

Hatua hii inachukua nusu saa na inasema mengi kuliko ubishi wa siku nzima gereji. Toa filta ya gia boksi, ikate ganda, kunjua karatasi yake yote na uisuuze kwa dizeli safi juu ya bakuli. Acha itulie, mwaga dizeli ya juu taratibu, kisha sogeza bakuli kwenye jua.

Pitisha sumaku kwanza. Kinachoshika ni chuma: beringi au meno ya gia. Chembe nyembamba zilizokaa kama vumbi kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vyenye kingo, vinavyokwaruza kidole, si vya kawaida.

Sasa tazama kilichobaki. Chembe nyeupe zinazong'aa, ambazo sumaku imezipita bila kuzigusa, ni alumini. Kwenye mashine nyingi impela, tabaini na steta ni za alumini, kwa hiyo hapa ndipo konveta inapoanza kujitaja yenyewe. Chembe za rangi ya shaba zinatoka kwenye sahani za klachi au kwenye washa za msukumo. Vipande vya mpira ni sili au hosi inayochanika kwa ndani.

Kuna loda moja ya machimboni iliyokuwa imeshahukumiwa kubadilishwa konveta. Bakulini hapakuwa na hata chembe moja ya alumini. Karatasi yote ilikuwa na unga wa rangi ya shaba, na katikati yake kipande cheusi cha mpira kilichopinda, cha urefu wa kucha. Ilikuwa sili ya pistoni ya klachi ya mbele. Konveta haikuguswa, na mashine ilirudi kazini.

Usisahau chujio la waya chini ya sampu. Filta inashika vumbi, chujio linashika vipande vikubwa, na likiziba pampu inakosa oili na kuanza kulia.

Umefaulu kama unaweza kusema kwa jina ni metali gani inayolika.

## Hatua ya 4: Waondoe washukiwa wa rahisi

Pita haraka hapa, lakini usiruke.

Kanyaga mafuta mpaka mwisho, gia nyutro, usome mizunguko ya injini bila mzigo. Ikiwa chini ya ilivyoandikwa kitabuni, kebo ya mafuta imelegea au pedali haifiki mwisho. Tazama filta ya hewa. Vumbi la Boko na Kunduchi huijaza mapema kuliko ratiba ya kitabu.

Gusa vitovu vya magurudumu mashine ikishatembea kidogo, au uvielekezee kipimajoto. Kimoja kikiwa cha moto kupita vingine, breki yake inabana, na mashine inasukuma huku imejishika.

Kisha, pedali ya breki inayokata gia. Loda nyingi zina valvu inayotoa presha kwenye klachi unapokanyaga breki, ili nguvu yote ya injini iende kwenye ndoo. Valvu hiyo ikikwama, gia boksi inabaki na presha nusu au haina kabisa, na mashine inalegea kama iliyokufa konveta. Kama kuna swichi ya kuizima, izime ujaribu. Kwenye loda za zamani za Kichina valvu hii inaendeshwa na upepo wa breki, na maji ya kwenye tangi la upepo huifanya ipate kutu. Ukiona tangi halijamwagwa maji kwa muda mrefu, anzia hapo.

## Hatua ya 5: Joto, na kipozeo kinachosahaulika

Konveta inatoa joto jingi hasa mashine inaposukuma huku imesimama, maana nguvu ya injini isiyokwenda kwenye magurudumu inabaki kwenye oili. Opereta anayeingiza ndoo kwenye kifusi na kuendelea kukanyaga mafuta huku magurudumu hayaendi, anachemsha oili ndani ya muda mfupi sana. Mfundishe kwamba ndoo ikigoma arudi nyuma kidogo na kuinua.

Kwa mashine nyingi oili inayotoka kwenye konveta ikiwa kazini huwa kati ya nyuzi 80 na 110 za Selsiasi. Ikikaribia 120, simamisha kazi, weka nyutro, piga resi ya wastani mpaka ishuke. Usizime ghafla ikiwa katika moto huo, kwa sababu mzunguko wa oili unakata na joto linabaki palepale kwenye sili.

Sasa shika kipimajoto. Mashine ikiwa imefanya kazi mpaka ikapata moto, elekeza kwenye hosi inayoingia kipozeo, andika. Kisha kwenye hosi inayotoka, andika.

Kama inaingia ya moto na kutoka karibu na moto ule ule, kipozeo hakipozi. Aidha kimeziba nje kwa uchafu, au upande wa maji umejaa magadi. Hapa Dar maji ya visima vingi yana chumvi, na rejeta inayojazwa maji hayo miaka nenda rudi hujifunga kwa ndani. Kama tofauti ni kubwa sana lakini konveta bado inachemka, oili inapita kidogo mno: kipozeo kimeziba upande wa oili au hosi imenyonga kwa ndani.

Uchafu wa nje una tabia zake kwa kila saiti. Machimboni, vumbi la mawe ya matumbawe likikutana na ukungu wa oili hukauka kati ya mapezi ya rejeta kama plasta. Kwenye dampo, buldoza hunasa vipande vya nailoni. Karibu na bahari, mapezi yenyewe yanaliwa na chumvi mpaka yanamomonyoka ukiyagusa. Puliza kinyume na mwelekeo wa upepo wa feni, kwa kompresa, ukiwa umevaa miwani. Mashine ya kuoshea magari yenye presha kali isogezwe mbali, vinginevyo utalaza mapezi yote na kuziba ulichotaka kuzibua.

Umefaulu kama mashine imefanya kazi saa nzima ya kawaida na sindano ya joto imekaa kwenye kijani. Wengine mwongozo huu unawaishia hapa, na hiyo ni habari njema.

## Hatua ya 6: Presha

Zima injini, toa ufunguo uweke mfukoni mwako, ndoo iwe chini, pini ya kiungo iwe imefungwa. Hakuna anayekaa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya loda isiyofungwa pini. Oili ya nyuzi 90 inababua ngozi mara moja, kwa hiyo fungua vizibo vya kupimia taratibu.

Unganisha geji kubwa kwenye tundu la presha kuu, ndogo kwenye tundu la kuingia konveta. Baadaye utaihamishia kwenye tundu la kutoka. Pitisha hosi za geji mpaka mahali salama unapoweza kuzisoma bila kuingia chini ya mashine. Pima kwenye sailensa, halafu kwenye resi kamili. Pima oili ikiwa ya baridi, rudia ikiwa ya moto. Andika namba zote.

Namba sahihi ni za kitabu chako. Kukupa picha tu: loda nyingi za Kichina za tani 5 za aina ya ZL50 hufanya kazi kwa presha ya klachi ya bar 11 hadi 15, na kuna gia boksi nyingine zinazohitaji zaidi ya bar 20. Anayekwambia "presha yoyote juu ya 10 ni nzuri" mkatalie.

Ukishakuwa na namba, zisome kwa pamoja:

Kila kitu kiko chini, sailensa na resi: oili imepungua, chujio limeziba, pampu imelika, au valvu kuu ya presha imekwama wazi. Ikisoma sifuri kabisa, pampu haizungushwi. Shuku kifaa kinachoiendesha.

Kuu ni nzuri, ya kuingia konveta iko chini: valvu ya presha ya kuingilia imekwama au springi yake imechoka. Mara nyingi ni chembe ya uchafu tu. Itoe, isafishe, hakikisha inateleza kwa uzito wake yenyewe ndani ya tundu.

Ya kuingia ni nzuri, ya kutoka iko chini: valvu ya kutokea imekwama wazi, au oili inavuja ndani ya konveta. Anza na valvu, kwa sababu haihitaji kushusha kitu. Presha ya kutoka ikiwa chini kwa muda mrefu, oili ndani ya konveta hufanya mapovu yanayopasuka juu ya mapanga na kuyatoboa. Utasikia mlio wa kokoto zinazotikiswa ndani ya debe.

Ya kutoka iko juu na joto linapanda: kipozeo au hosi zake zimeziba. Rudi Hatua ya 5.

Kuu inaanguka unapoingiza gia moja tu: sili ya klachi ya gia hiyo inavuja.

## Hatua ya 7: Jaribio la stoli

Hili ndilo jaribio linalojulikana zaidi na linalofanywa vibaya zaidi. Mashine inafungwa breki, gia inaingizwa, mafuta yanakanyagwa mpaka mwisho, na tunasoma injini inafika mizunguko mingapi. Kwa kuwa tabaini imeshikwa isizunguke, namba hiyo inapima nguvu ya injini na uwezo wa konveta kwa wakati mmoja.

Maonyo, na yasome mara mbili. Breki mbovu hazifanyi jaribio hili, mashine itaruka. Weka vigingi, hakikisha mbele hakuna mtu wala ukuta, opereta awe amefunga mkanda. Swichi ya breki kukata gia iwe imezimwa, la sivyo utasoma namba ya uongo. Usizidishe sekunde 30 hata kidogo, na joto likigusa nyekundu achia mara moja. Kila baada ya jaribio weka nyutro, piga resi ya wastani dakika mbili au zaidi mpaka joto lishuke, ndipo urudie.

Oili iwe ya moto wa kazi, kiyoyozi kimezimwa. Tumia gia ambayo kitabu kimeitaja, kwa kawaida ya juu, ili magurudumu yasizidi breki. Fanya mbele, pumzisha, fanya rivasi.

Jambo moja linalotusaidia Dar ni kwamba tuko usawa wa bahari, kwa hiyo kisingizio cha hewa nyembamba hakipo. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupungua nguvu kwenye miinuko ya Iringa au Mbeya. Hapa ikipungua, ina tatizo.

## Hatua ya 8: Kusoma stoli

Mizunguko iko juu mno kwa gia zote. Kitu kinateleza au konveta haina oili ya kutosha kubeba mzigo. Kama presha za Hatua ya 6 zilikuwa nzuri na oili haina povu, konveta sasa ni mshukiwa halali. Kama presha zilikuwa mbaya, rekebisha presha kwanza.

Iko juu upande mmoja tu. Klachi ya upande huo. Konveta iachiwe huru.

Iko chini kidogo. Injini imechoka. Thibitisha kwa kuvuta haidroliki mpaka mwisho wa silinda gia ikiwa nyutro: injini ikishuka sana na moshi mweusi ukitoka, angalia filta za dizeli, nozeli, tabo.

Iko chini sana, na injini ni nzima. Steta imeachia. Kwenye konveta ambazo steta imekaa juu ya klachi ya upande mmoja (inayozunguka upande mmoja na kugoma mwingine), klachi hiyo ikiteleza mashine inakuwa nzito kuondoka lakini ikishapata mwendo inakimbia vizuri. Kinyume chake, steta ikiganda, stoli itasoma sawa kabisa, lakini mashine itachemka ikikimbia na haitafika mwendo wake wa juu. Kabla ya kuhukumu, hakikisha kitabuni kama steta yako inazunguka kweli. Mashine nyingi nzito zina steta iliyofungwa isiyozunguka, na ugonjwa huu hauzipati.

Loda za aina ya ZL50 zina jambo lao. Konveta zake nyingi zina tabaini mbili. Ya kwanza inasaidia mashine inapobeba mzigo mzito kwa mwendo mdogo, na nguvu yake inapita kwenye klachi ya upande mmoja iliyo nje ya konveta, upande wa gia boksi. Klachi hii ikiteleza, loda inatembea tambarare bila shida, lakini ikifika kwenye kifusi inashindwa kuingia. Ikiganda, mashine inakuwa nzito kwenye mwendo wa kasi na joto linapanda. Watu wananunua konveta nzima kwa sababu ya rola ndogo za klachi hii. Mwenye loda ya Kichina inayokimbia vizuri lakini haisukumi, hapa ndipo pa kwanza pa kutazama.

Kelele na mtikisiko kwenye sailensa, hasa mgongano wa chuma unaofuata mizunguko ya injini, unaashiria sahani nyembamba inayounganisha injini na konveta imepasuka au bolti zake zimelegea. Kuna dirisha dogo la kuikagulia kwenye nyumba ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini). Zima injini, fungua, zungusha injini kwa mkono, tazama kila bolti.

## Hatua ya 9: Sasa unaweza kushusha

Shusha kama ushahidi umekutana: alumini kwenye filta, presha ya kutoka mbaya wakati valvu ni nzima, na stoli isiyo sawa. Ushahidi mmoja peke yake hautoshi.

Konveta za mashine hizi ni nzito. Tumia winchi na mnyororo uliopimwa, wala usiiache ining'inie kwenye shafti ya gia boksi hata kwa muda mfupi, kwa sababu itapindisha shafti au kukata sili. Weka alama ya rangi kati ya flaiwili na konveta kabla ya kufungua. Safisha eneo kwanza. Mchanga wa Kigamboni ukiingia kwenye gia boksi iliyo wazi umejitafutia kazi nyingine.

Ikishafunguka, tazama mapanga kama yamechimbwa au kukatika, beringi, washa za msukumo, na pete za sili. Pete za sili ni za bei ndogo na ndizo zinazoharibika mara nyingi, kwa hiyo badilisha zote hata zinazoonekana nzima. Kama unanunua konveta ya mtumba, linganisha namba ya kibati, hesabu meno ya shafti, na uzungushe steta kwa kidole: ya klachi ya upande mmoja inazunguka upande mmoja na kugoma mwingine. Ya aina hiyo ikizunguka pande zote au ikigoma pande zote, mrudishie muuzaji.

Oili chafu uliyomwaga ihifadhi kwenye mapipa. Mifereji mingi ya mjini inaishia Msimbazi na baharini.

## Hatua ya 10: Kurudisha, na kosa linaloua konveta mpya

Konveta ya zamani ilipokuwa inalika, vipande vyake vilikwenda kwenye kipozeo na kukaa humo. Ukifunga konveta mpya bila kukisafisha, oili ya kwanza kupita inavileta vyote mpaka kwenye beringi mpya. Hiki ndicho chanzo cha konveta nyingi zinazokufa mara ya pili.

Suuza kipozeo na hosi zake kwa mkondo wa kinyume mpaka kitambaa cheupe kibaki cheupe. Kile cha sahani zilizobanana ambacho hakisuuziki, badilisha. Safisha sampu, chujio na mwili wa valvu. Weka filta mpya.

Jaza konveta oili kabla ya kufunga kama muundo unaruhusu. Jaza sampu, washa, iache kwenye sailensa dakika chache huku ukitazama presha ikipanda. Isipopanda mara moja, zima. Ongeza oili mpaka alama, maana konveta na kipozeo vimeshameza yao. Ingiza kila gia kwa zamu bila kukanyaga mafuta, kisha tembea pole dakika 20.

Halafu rudia Hatua ya 6 na ya 7 zote, na andika namba mpya kando ya zile za zamani. Presha ziwe ndani ya kiwango oili ikiwa ya baridi na ya moto, stoli ya mbele na ya rivasi ziwe karibu sawa, na oili isiwe na povu.

Baada ya saa 50 hivi za kazi, pasua filta hiyo mpya kama ulivyopasua ile ya kwanza. Unga mwembamba kwenye sumaku ni wa kawaida kwa vipuri vinavyozoeana. Ukikuta alumini inayong'aa tena, simamisha mashine siku hiyo hiyo na uanzie kwenye kipozeo.